Ndizi Mbivu katika Banda la Chini

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Makubwa! Shangazi anakwenda kutibiwa goti. Siku kumi nzima. Ametuita asubuhi mimi na Bi Kipimo, akatusimamisha kati ya mabanda yake mawili ya maua, akasema banda la juu atalitunza Bi Kipimo na la chini nitalitunza mimi. Akirudi Alhamisi ya wiki ijayo atapita kote, aone kila mmoja amelitunzaje banda lake, kisha atasema la kusema kuhusu usimamizi. Yeye miguu imekwisha, hawezi tena kupanda na kushuka.

Hakutaja mashindano. Lakini mimi si mtoto. Atachaguliwa mmoja!

Bi Kipimo ni binti wa baba mdogo, kwa hiyo ni dada yangu, sikatai. Jina hilo nimempa mimi kimoyomoyo, kwa sababu hatembei bila kipimajoto shingoni na daftari kwapani. Anapima joto, anapima unyevu, anapima maji kwa kikombe. Ana miaka mitatu tu hapa. Mimi tisa! Tena mabomba yanayobeba paa la banda la chini aliyapinda marehemu baba yangu kwa mikono yake mwenyewe, nikiwa nimemshikia tochi na misumari. Nataka niingie mle nikiwa msimamizi. Nimechoka kuwa mtu wa kuitwa "hebu njoo ushike hapa". Nalitaka jambo hili mpaka kifua kinauma.

Jioni nimehesabu. Okidi sitini, zote zimechanua. Mawaridi ya vyungu arobaini. Begonia meza nzima. Na bromelia ishirini, wale ndugu wa nanasi wanaopandwa kwa urembo, majani matupu, ua hata moja hakuna. Nikachungulia banda la juu: vilevile! Tuko sare. Sare haifai. Lazima nimpite.

Jumanne, tarehe 5 Agosti

Bahati imenifuata mlangoni! Dereva wa gari la miche alikuwa anashusha makreti. Nikamlalamikia kwamba bromelia zangu zimegoma. Akasema dawa ni ndizi mbivu. Unaifunika bromelia kwenye mfuko pamoja na ndizi, pumzi ya ndizi inaiamsha, inatoa ua. Akasema "lakini", akaanza hadithi nyingine ndefu. Mimi nilikuwa nimeshafika getini. Dereva yule akianza kuongea hana breki, na nilikuwa nimeshapata nilichokitaka.

Ndizi mbivu huleta maua! Miaka tisa, na hakuna aliyeniambia! Na kama ndizi inaamsha bromelia iliyogoma, je, okidi ambayo imeshakubali? Si itachanua mpaka kwenye shina? Nusura nipige kelele barabarani.

Nikaenda kwa mama wa matunda, nikaomba mikungu miwili iliyoiva kupita kiasi. Akauliza kama nina shughuli nyumbani. Nikasema ni utafiti. Akaniangalia kwa huruma.

Njiani nikakutana na dereva anarudi na makreti ya pili. Nikamwomba anibebee. Loo! Akairuka ile mikungu kama aliyeona nyoka. Akasema tunda halipandi gari lake, hata liwe la bosi wake. Wivu huo! Mtu anakupa siri asubuhi, mchana anajuta. Nikasukuma kwa toroli mpaka mgongo ukalia.

Nimeficha ndizi chini ya meza za okidi, nimezifunika magunia. Nimefunga madirisha yote ya paa na kushusha mapazia ya pembeni, ili pumzi isipotee hata kidogo.

Jumatano, tarehe 6 Agosti

Bado. Harufu ni tamu sana.

Bi Kipimo alipita, akauliza kwa nini nimefunga madirisha na jua lote hili. Nikasema okidi zangu zimepatwa na baridi. Akatazama jua, akanitazama mimi, akaandika kitu kwenye daftari. Na aandike!

Alhamisi, tarehe 7 Agosti

Mungu wangu! Mungu wangu! Mwandiko huu hata mimi sitausoma.

Nimefungua mlango saa moja asubuhi. Maua yako chini! Sakafu nzima! Okidi zilizobaki kwenye vikonyo zimejikunja, zimelegea, zinaanguka nikizitazama tu. Mawaridi yamebaki vijiti. Nilikuwa nakanyaga petali zangu mwenyewe, nazisikia zikisagika chini ya kiatu. Nilisimama nimeduwaa mpaka maji ya mpira yakanijaa viatuni na sikujua.

Nani kafanya hivi? Nani?

Nimefikiri mpaka saa nne. Jibu ni moja. Nani jana aliuliza habari za madirisha? Anayeuliza madirisha anatafuta pa kupitia! Damu yangu mwenyewe! Binti wa baba mdogo! Tumekula sahani moja!

Nimenunua kufuli kubwa. Mwenye duka akauliza kama nalindia dhahabu.

Ijumaa, tarehe 8 Agosti

Leo nimefanya mambo mawili ya akili.

La kwanza: nimeongeza ndizi. Ni wazi dozi ilikuwa ndogo, haikutosha kupambana na hujuma. Nimechukua mikungu mingine mitano. Mama wa matunda akasema utafiti huu utaniua. Sasa jumla ni saba. Kila meza ina yake.

La pili: nimempeleleza Bi Kipimo. Nimejificha nyuma ya lundo la mboji saa mbili kamili, na mwavuli juu ya kichwa ili nisionekane. Nimeona yote. Alipima joto. Akaandika. Akamwagilia. Akafuta majani ya okidi kwa kitambaa kibichi, jani moja moja, huku anaimba. Hakuna uhalifu hata mmoja! Jamani, binadamu anaweza kuwa mjanja kiasi hiki?

Halafu siafu. Siafu! Suruali nzima! Nilitoka pale narukaruka na mwavuli mkononi, na wa kwanza kunifikia ni yeye, na ndoo ya maji, akanimwagia yote. Akaniuliza nilikuwa natafuta nini. Nikasema nakagua mboji. Akasema nitumie reki siku nyingine, nisikae juu yake. Akanipa na mafuta ya kupaka. Nimeyapaka, lakini simwamini.

Jumapili, tarehe 10 Agosti

Okidi zenye maua zimebaki tisa. Tisa! Begonia zimekuwa upara. Visubi wameingia, sijui wametoka wapi, wanapita usoni mwangu kama wenye nyumba.

Mke wangu amesema nanuka ndizi. Nikasema cheo kina gharama zake. Akauliza: Shangazi alisema kwa mdomo wake kwamba mmoja atachukua na mwingine atakosa? Nikasema alisema kwa macho. Akauliza kama nimemwuliza dada yangu ushauri. Nikamwambia yeye abaki na cherehani yake, maua aniachie mimi. Akaanza kuikanyaga kwa nguvu. Mke wangu akikanyaga cherehani hivyo huwa amemaliza kunipima.

Jumatatu, tarehe 11 Agosti

Sasa ni vita. Kama yeye anaharibu yangu, mimi nachukua yake. Haki ni haki!

Saa saba Bi Kipimo huenda kula. Hachelewi, hawahi. Nikaingia banda la juu na toroli. Nikatoa okidi kumi na mbili, nyeupe na zambarau, maua yamejaa mpaka yanainamisha vikonyo. Mahali pake nikaweka zangu kumi na mbili, vipara. Nikafunika gunia, nikashuka nazo huku napiga mluzi. Saa saba na robo kazi imekwisha. Banda langu likapendeza upande mmoja! Nilikaa juu ya ndoo nikaangalia tu.

Saa kumi mlango ukagongwa. Yeye! Akasema vyungu kumi na viwili vimehama, anajua kwa sababu ameviandika namba chini. Namba chini! Nani anaandika chungu chini? Nikafungua mdomo nikane. Hakuningoja. Akasema kama okidi zangu zinaumwa nimefanya vizuri kumpelekea, atazitunza, ila ningemwambia tu tukae wawili tutazame tatizo. Akaomba aingie aone.

Aingie! Na mikungu saba chini ya meza! Nikaziba mlango kwa mwili mzima. Akanusa, akauliza ni harufu gani. Nikasema mbolea mpya. Kisubi mmoja akatoka akatua kwenye daftari lake. Bi Kipimo akamtazama muda mrefu. Akasema siku tatu zimebaki, nikitaka msaada nimwite hata kwa mluzi. Akaongeza: pole, kaka.

Pole! Nilitegemea tusi, nimepewa pole! Imenichoma kuliko siafu.

Jumatano, tarehe 13 Agosti

Zimeanguka! Zile kumi na mbili! Zilizochukuliwa zikiwa nzima, zikawekwa ndani, kwa kufuli, ufunguo shingoni mwangu! Zote! Nimegeuza kila chungu kutafuta dawa, sumu, waya, chochote. Hakuna. Nimeangalia mpaka nyuma ya mlango. Hakuna mtu. Ni mimi, visubi na ndizi tu.

Sikuelewa na mpaka sasa sielewi. Nimekaa sakafuni katikati ya petali nikajihurumia kwa sauti. Kesho Shangazi anarudi. Miaka tisa yangu, mabomba ya baba, vyote vinakwenda kwa mtu mwenye kipimajoto.

Ndipo likanijia wazo. Nikaruka juu!

Maua ya plastiki ya sebuleni! Mama mkwe alituletea tulipooana, vyombo vinne, mekundu ya kuiva. Mke wangu alikwenda kumpima mteja nguo. Nikachukua yote. Nikapita kwa shemeji, nikachukua na ya kwake, nikamwambia nayapeleka kuoshwa. Nimeshinda nayafunga kwa uzi wa kijani, moja moja, kwenye vikonyo vya okidi. Vidole vimechanika. Hamsini na nne!

Nimesimama mlangoni nikatazama. Lo! Ukifumba jicho moja, ni mazuri kuliko yale ya kweli. Machozi yalinitoka.

Alhamisi, tarehe 14 Agosti

Niandike haraka kabla sijabadilisha mawazo nikachana daftari hili.

Shangazi alikuja saa nne na mkongojo. Akaanza banda la juu. Nilimsikia anacheka kwa furaha, anampongeza Bi Kipimo. Akashuka polepole, Bi Kipimo nyuma yake. Nikafungua kufuli, nikainama kidogo kwa heshima, nikamkaribisha.

Harufu ikamsimamisha mlangoni. Akapunga visubi. Akaona maua. Akasema okidi zake hazijawahi kuwa nyekundu namna hii. Nikasema ni matunzo. Akasogea, akashika kikonyo, akainama anuse.

Akapiga chafya! Ya pili! Ya tatu! Vumbi la sebule yangu la miaka yote lilimwingia puani. Alipoinuka, ua lilikuwa mkononi mwake na waya wake na uzi wangu wa kijani. Akaligeuza. Chini lina karatasi ya dukani. Mimi nilitazama paa.

Halafu akauliza ni nini kinachochuruzika chini ya meza. Bi Kipimo akainua gunia.

Visubi walipanda wote kwa pamoja, tukafunika nyuso. Mikungu saba, myeusi, imelegea, imeshikana na sakafu. Shangazi akakaa juu ya chungu kilichopinduliwa. Akaniuliza, kwa sauti ndogo kabisa, hizi ndizi ni za nini. Nikasema ni za kuleta maua.

Bi Kipimo ndiye aliyeeleza. Alieleza polepole, ananiangalia mimi, hata hakujivuna. Tunda likiiva hutoa hewa usiyoiona. Hewa hiyo ni kweli huamsha bromelia, baada ya wiki nyingi. Lakini okidi, waridi, begonia, ikizipata zimefungiwa ndani, zinadhani umri wao umekwisha, zinaangusha maua. Ndiyo maana dereva hapakii matunda kwenye gari la maua. Ndiyo maana hapa hatuli hata chungwa ndani ya banda. Shangazi akasema kila mtu anajua hilo.

Kila mtu! Miaka tisa nilidhani tunakatazwa kula ndani kwa ajili ya usafi!

Kwa hiyo hakuna aliyenihujumu. Ni mimi. Siku ya kwanza mimi, ya pili mimi, na zile kumi na mbili za Bi Kipimo nimeziua mimi.

Na hilo halikuwa kubwa. Kubwa likaja. Shangazi akafungua mkoba wake akatoa funguo mbili, mpya, zinang'aa, kila moja ina utepe. Alizichongesha kabla hajaenda kwenye goti. Ya juu na ya chini. Akauliza nani alituambia ni mashindano. Mabanda mawili, watoto wawili wa kaka zake, pana haja gani ya kushindana? Alitaka tu arudi akute mimea hai, ampe kila mtu wake mbele ya mwenzake, kwa heshima. Akasema banda la chini lilikuwa langu tangu baba alipopinda bomba la kwanza, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sijui.

Akampa Bi Kipimo ya kwake. Ya kwangu akaitazama. Akairudisha mkobani, akafunga zipu.

Nililia. Sitaandika uongo hapa. Nililia kama nilivyolia msibani kwa baba, na visubi wakinitua machoni. Ilikuwa yangu! Ningekaa siku kumi naangalia dari tu, ingekuwa yangu!

Bi Kipimo alimshika Shangazi mkono wakatoka nje. Nilimsikia ananiombea. Alisema mizizi iko hai yote, ameitazama, okidi zitachanua tena msimu wake. Alisema kaka ana mikono mizuri, tatizo ni kichwa kinakimbia mbele. Shangazi akarudi na neno la mwisho. Wiki sita. Asubuhi nifungue madirisha, nimwagilie, jioni nifunge. Basi. Kama mimea itakuwa hai, ufunguo ni wangu. Akanishika bega akaniambia: usifanye chochote kingine, baba, hilo tu nakuomba.

Nyumbani mke wangu alikuwa amesimama mbele ya vyombo vinne vitupu, na shemeji pembeni yake. Hayo siyaandiki.

Ijumaa, tarehe 15 Agosti

Nimetupa ndizi zote kwenye mboji. Nimesugua meza, nimeosha sakafu, nimefungua madirisha mpaka mwisho. Upepo umeingia. Bi Kipimo amekuja na kipimajoto cha pili na daftari jipya, amesema ni langu. Amenionyesha namna ya kuandika joto, asubuhi na jioni. Nimemshukuru kwa moyo wote. Nimemwomba msamaha, akacheka, akasema yamekwisha. Dada wa kweli huyu. Nimeamua sitamwita tena Bi Kipimo, isipokuwa humu.

Saa nne nimekaa na chai yangu, nimetulia kabisa, nikayarudia maneno yake moja moja. Nikashtuka mpaka chai ikamwagika.

Si alisema mwenyewe, mbele ya Shangazi, kwamba hewa ya tunda ni kweli huamsha bromelia? Na mle ndani nina bromelia ishirini! Okidi hazina maua tena ya kuangusha, mawaridi ni vijiti, begonia upara. Hakuna kilichobaki cha kuharibika! Kumbe sikukosea, niliwahi tu. Na nilikosea tunda. Ndizi ni tunda jepesi, linaoza haraka, halina subira. Kazi hii inataka tunda zito.

Halafu wiki sita bila kufanya chochote! Mtu mwenye uzoefu wa miaka tisa! Shangazi hawezi kuwa alimaanisha hivyo. Alisema kwa mdomo, lakini niliyatazama macho yake.

Nimepita kwa mama wa matunda. Mapapai yake yameiva vizuri sana, nimeagiza toroli mbili.